Msimu Niliokabidhiwa Daraja

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi na kusubiri kuitikiwa. Nimeihamisha meza yangu ya kutengenezea saa kutoka barazani hadi sebuleni, karibu na dirisha linalotazama daraja. Naliomba radhi daftari hili kwa kulitelekeza tangu tulipomzika mke wangu. Walimu wetu wa misheni walituagiza tuandike siku zetu kila jioni, nami kwa muda mrefu nimekuwa mwanafunzi mtoro.

Dobi amekuja kama kawaida. Yeye anaishi ng'ambo ya mto, katika nchi ya pili, na kila asubuhi huvuka daraja kuja kufua na kupiga pasi katika nyumba za upande wetu, kisha jioni hurudi kwao. Mke wangu alipolala kitandani mwaka wake wa mwisho, mwanamke huyu ndiye aliyefua shuka zake na kumgeuza ubavu. Waliitana dada. Kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na kwa cheo hicho ananitania bila huruma. Leo ameliinua shati langu la jana mbele ya dirisha na kuniuliza kama nililivaa au nilipigana nalo.

Pasi yake ya mkaa hukaa nyuma ya mlango wa jiko langu. Ni nzito, na haoni sababu ya kuivusha mpaka mara mbili kwa siku.

Jumatano, 4 Machi

Sajini wa darajani amekuja kuchukua saa yake. Anaondoka kesho na vijana wake wote. Paa la kambi linavuja, barabara ya makao makuu inakaribia kukatika, na amri imetoka juu kwamba warudi mjini hadi mvua zikome. Nilimwuliza, kwa heshima, ni nani atakayebaki kuulinda mpaka.

"Mto," akasema. Akaiweka saa sikioni, akafurahi kwamba inatembea.

Alhamisi, 5 Machi

Wameondoka. Bomba la kizuizi wameliacha juu.

Jumamosi, 7 Machi

Jirani yangu mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hakuna habari inayompita, amesema watu wa ng'ambo sasa wanaingia kama siafu. Nilitazama darajani. Walikuwa wakipita Dobi na kapu lake, pamoja na yule mwuza mayai ambaye Redio mwenyewe humnunulia mayai ya dukani. Si vizuri kumsahihisha mtu dukani kwake mbele ya wateja.

Jumanne, 10 Machi

Mkutano umefanyika katika ukumbi wa shule. Mkuu wa wilaya alichelewa kwa sababu ya matope, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutuomba radhi. Nilimpenda papo hapo. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya mwalimu, na anapokusikiliza huinamisha kichwa.

Alisema kilio chetu kuhusu wahamiaji haramu kimefika juu. Akasema usalama wa mpaka si kazi ya askari peke yao, ni wajibu wa kila mwananchi. "Serikali ni ninyi," akasema, "na mpaka ni wenu." Watu walipiga makofi sana, kama watu waliopewa zawadi. Sikuona wakati ule kwamba tulichopewa ni mzigo.

Kisha akataka mtu wa kuwaongoza wananchi kulinda daraja. Redio alisimama akasema yuko tayari yeye na fimbo yake. Mkuu akamshukuru, akasema angependelea mtu wa busara, asiye na ugomvi na mtu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilisimama kujitoa. Nilisema macho yangu ni ya kutazama saa, kwamba mimi ni mzee, kwamba naomba wanisamehe. Kila nilipozidi kuomba radhi ndivyo walivyozidi kunisifu kwa unyenyekevu. Nimerudi nyumbani na ufunguo wa kufuli, filimbi ya kamba, na kizibao cha rangi ya chungwa.

Amri ni moja: asipite mtu wa ng'ambo asiye na kibali chenye muhuri. Niliuliza muhuri unapigwa wapi. Wakasema makao makuu. Nikauliza tena, kwa kuomba radhi, mtu wa ng'ambo atafikaje makao makuu bila kupita kwangu. Watu walicheka. Sikukusudia mzaha.

"Swali zuri sana, mzee wangu," Mkuu akasema. "Linafanyiwa kazi."

Jumatano, 11 Machi

Nimekaa darajani kutwa, juu ya kiti cha kulia chakula, chini ya mwavuli. Nimemsalimu kila aliyepita, nimemwuliza habari za nyumbani kwake, na nimemshauri atafute kibali. Wote wameahidi. Bomba limekuwa likipanda na kushuka kama kawaida.

Dobi aliponiona alishika ukingo wa daraja kwa kicheko. "Shemeji, nilijua ukibaki peke yako utaharibika," akasema, "lakini sikujua utaharibika rangi hii."

Ijumaa, 13 Machi

Mvua kutwa.

Jumatatu, 16 Machi

Redio amepeleka taarifa kwamba geti la mzee linavuja. Mkuu amekuja mwenyewe, akanywa chai sebuleni kwangu, akazisifu saa zangu za ukutani. Akasema hanilaumu hata kidogo, ila huko juu wanamwuliza yeye. Akasema pia kwamba ikiwa kazi inanilemea, wapo wengine wenye moyo. Alipotamka hayo alitupa jicho dirishani. Redio alikuwa amekaa mlangoni kwa duka lake na ile fimbo magotini.

Nikaelewa. Heri mimi kuliko fimbo, nilijiambia. Nikaahidi kuanza kesho.

Jumanne, 17 Machi

Leo nimeshusha bomba na kutia kufuli. Wengi walinung'unika na kurudi. Mwuza mayai alinitukana kwa lugha ya kwao, nami nilimshukuru kwa kunielewa.

Dobi alikuja na kapu lake kichwani. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini nilivyofundishwa tangu utoto ni kwamba mtu mwungwana hasemi hapana kavu mbele ya mwanamke, tena mwanamke aliyemwosha mke wangu. Nikamwambia kwamba leo hali si nzuri sana, kwamba maagizo yamebadilika kidogo, kwamba pengine kesho tutaona.

Alicheka. Alidhani ni utani wetu. Aliweka kapu chini akasubiri nimalize mchezo. Alisubiri muda mrefu, akinitazama, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kumbe kweli," akasema.

"Tuone kesho, shemeji."

"Haya. Tuone kesho." Akajitwisha kapu, akarudi.

Jumatano, 18 Machi

Amekuja. Nimemwambia tuone kesho.

Alhamisi, 19 Machi

Amekuja. Mvua kubwa. Tulisimama yeye upande wake wa bomba na mimi upande wangu, nami nikaunyoosha mwavuli ili umfikie. Tuone kesho.

Ijumaa, 20 Machi

Amekuja. Aliniangalia ukosi wa shati, akatikisa kichwa.

Jumamosi, 21 Machi

Hakuja darajani. Nilishukuru, na nikaona aibu kwa kushukuru.

Mchana nilirudi nyumbani kunywa dawa, nikasikia harufu ya mkaa jikoni. Dobi alikuwa pale, sketi imelowa hadi mapajani, anapiga pasi mashati yangu juu ya meza ya jikoni huku akiimba kwa sauti ya chini. Nilimwuliza amepita wapi.

"Shemeji, usiniulize jambo ambalo jibu lake litakutia kazini," akasema. "Wewe uko getini. Mimi niko kwa dada yangu. Hatujaonana."

Najua alikopita. Chini ya daraja, kule mto unakopanuka, kuna mawe makubwa ambayo watu walivukia zamani kabla ya daraja kujengwa. Wakati wa kiangazi hata mbuzi huvuka pale bila kulowa tumbo. Nikamwambia mto si wa kuchezea mwezi huu.

"Nikipita kwako, wewe unaumia," akajibu, bila kuinua macho. "Nikipita kwenye mawe, mimi ninalowa tu. Na nilimwahidi dada hutatoka nje ya nyumba hii umekunjamana."

Nilipaswa kukiweka kizibao mezani pale pale. Badala yake nilimshukuru, nikanywa dawa, nikarudi darajani kulinda.

Jumatatu, 23 Machi

Mashati mawili nyuma ya mlango. Sijamwona mtu.

Jumatano, 25 Machi

Shuka, na shati moja. Sijamwona mtu.

Ijumaa, 27 Machi

Redio amenisimamisha kunipongeza kwamba sasa mpaka umekaza. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa, mkunjo wa mkono umesimama wima kama kisu. Upande huu wote hakuna mtu mwingine mwenye mkono ule wa pasi. Nililitazama shati lake. Naye akalitazama langu. Tukaagana kwa heshima.

Jumapili, 29 Machi

Barabara ya makao makuu imekatika, na ofisi inayotoa vibali haijafunguliwa tangu Sajini aondoke.

Leo sikutoka, nimefikiri. Nisieleweke vibaya, na kama nitaeleweka vibaya naomba msamaha: mimi si mtu anayedharau mipaka. Nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kujua anayeingia. Ng'ambo kuna waungwana na kuna wezi, kama huku. Nimewahi kuibiwa saa zangu tatu na mtu wa ng'ambo, na nne na mtu wa mtaa huu. Serikali ikiweka mlango, haki yake. Lakini basi iweke na bawabu, na taa, na meza, na mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo. Mimi nimepewa ufunguo wa kufunga tu. Mamlaka ya kufungua yamebaki mjini, nyuma ya barabara iliyokatika. Mtu akipita, lawama ni yangu. Asipopita, sifa ni yao. Na wale wenye magendo makubwa, wenye malori, hawajawahi kupita hapa hata siku moja. Kila mtu anaijua njia yao, na hakuna aliyekabidhiwa kizibao cha kuilinda.

Nimeandika kwa hasira. Niwie radhi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mashati mawili. Sijamwona mtu. Mto una rangi ya matofali.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua imenyesha huko juu milimani tangu juzi. Maji yanagusa mihimili ya daraja. Dobi hakuja leo, nami nimefanya uamuzi: kesho nitamfungulia. Nitasema maneno mawili tu, "Shemeji, pita," na Mkuu atafanya atakavyo. Nimeyarudia maneno hayo mbele ya kioo kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa dini.

Jumanne, 7 Aprili

Nitaandika yote kwa utaratibu, kwa sababu nikiacha utaratibu sitaandika kitu.

Nilifika darajani mapema. Maji yalikuwa yanapita juu ya kingo za mto na kubeba matawi. Nilifungua kufuli nikalitia mfukoni, bomba nikaliacha chini lakini huru, ili nilinyanyue mara nitakapomwona.

Kabla hajafika likaja gari la Mkuu, kwa njia ndefu ya mlimani. Alikuwa na mtu wa gazeti mwenye kamera. Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema habari za daraja letu zimewafurahisha wakubwa, na kwamba wanataka kulifanya mfano kwa wilaya nyingine. Akasimama akiupa mto mgongo, akaanza kunieleza mpango. Ulikuwa mpango mrefu.

Ndipo nikamwona Dobi. Alikuwa amekuja darajani, upande wa pili, na kapu lake limefunikwa nailoni. Hakuwa amekuja darajani tangu ile Ijumaa. Nina hakika aliyaona maji, akaja kwangu kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Aliliona gari, akasimama.

"Samahani, Mkuu," nikasema.

Akainua kidole kwa upole. "Nimalizie hapa tu, mzee wangu."

Nikamwacha amalizie.

Hilo ndilo nililofanya. Nililelewa kwamba mkubwa akisema hakatizwi, na kwamba anayekatiza hana adabu, na ile adabu ilinishika ulimi kama mkono wa mtu. Nilitazama juu ya bega lake. Dobi alinitazama. Kisha aliinua mkono kidogo, kiganja kuelekea kwangu, vile mtu anavyokuambia usijisumbue, akageuka, akashuka kile kijia kinachokwenda kwenye mawe.

Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Serikali ilinipa filimbi mahsusi kwa kuitia mtu. Bomba lilikuwa wazi; kulinyanyua ni kazi ya kidole kimoja. Mkuu alikuwa anaeleza kuhusu mabango. Mtu wa gazeti akaniomba niutoe ufunguo mfukoni na kuuinua juu, nitabasamu. Niliuinua. Katika picha hiyo, wakiichapisha, watu wataona mzee nadhifu anayetabasamu.

Alipomaliza, nikaomba ruhusa ya kuondoka. Naandika tena: nikaomba ruhusa. Kisha nikakimbia kwa kadiri ninavyoweza kukimbia. Mawe hayakuonekana. Kulikuwa na maji tu, na kapu lake limenasa kwenye mizizi upande wetu, nailoni bado imefungwa, mashati aliyoyafulia kwao yamo ndani, makavu.

Jumatano, 8 Aprili

Tumetafuta kutwa. Redio alikuja na kamba na watu wa duka lake.

Alhamisi, 9 Aprili

Wachimba mchanga wamemwona chini kabisa, kwenye kona ya mto, upande wetu. Wamemfunika kwa turubai lao.

Nilimpigia simu Mkuu. Alisikitika sana, nilisikia anavyosikitika. Akasema, hata hivyo, marehemu asiye raia na asiye na kibali ni suala la upande wa pili. Nikapewa namba ya ofisi ya upande wa pili. Bwana aliyepokea naye alikuwa mtu wa adabu. Akanipa pole, akasema kwa kuwa mwili umepatikana ndani ya nchi yetu, ni suala la serikali yetu. Nilipiga tena huku, nikapiga tena kule. Sijawahi katika maisha yangu kuzungumza na watu wastaarabu kiasi hicho.

Mchana habari za redioni zikasema mhamiaji haramu mmoja amekufa maji akijaribu kuingia nchini kinyume cha sheria, na kwamba ulinzi shirikishi katika eneo hilo umeimarika. Tulikuwa dukani. Redio alinyoosha mkono akaizima. Sikuwahi kumwona akizima redio. Akapanda ngazi yake, akashusha shuka jipya jeupe kutoka rafu ya juu, akanipa bila kunitazama.

"Alisema angekuja Jumatatu kwa mapazia ya mke wangu," akasema. "Nilimwambia asichelewe." Kisha akaifuta meza ya duka, ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 10 Aprili

Tumemrudisha kwao. Redio, wachimba mchanga, na mimi. Tulipofika darajani niliingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo, na Redio akaninong'oneza.

"Kivue hicho kizibao kwanza, mzee. Usimvushe ukiwa nacho."

Sikuwa nimekumbuka kwamba nimekivaa. Nilikivua, nikakitundika kwenye kiti, nikainua bomba. Hakuna aliyetuuliza kibali, kwa sababu mwulizaji nilikuwa mimi.

Binti yake alitupokea upande wa pili. Ni mwanamke mzima, na ana macho ya mama yake bila kicheko. Alipiga goti kidogo mbele yangu. "Shikamoo, baba mkubwa." Nami nikaitikia marahaba. Mdomo wangu ukaitikia wenyewe, kwa mazoea, kama mtu anayestahili.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Kufuli nimelitupa mtoni. Bomba liko juu. Hakuna anayepita, wameogopa.

Jumatatu, 11 Mei

Jua kidogo. Nimetengeneza saa ya mezani ya mwalimu mkuu, na nimevunja springi yake.

Jumatano, 20 Mei

Askari wamerudi. Kambi ina paa jipya. Sajini amekuja kunisalimu na kunipa pole kwa kazi, asijue maneno yake yamenigusa wapi. Ameleta kufuli jipya.

Ijumaa, 22 Mei

Leo wamenipa tuzo.

Sikutaka kwenda, lakini walituma gari, na nilikuwa sijajifunza bado kulikatalia gari lililotumwa. Nilivaa shati nililofua mwenyewe, ambalo halikupigwa pasi. Kulikuwa na lingine kwenye hanga, la mwisho alilonipigia pasi kabla ya mafuriko, limenyooka hadi kifungo cha mwisho. Sijalivaa na sitalivaa. Likivaliwa litachafuka, na likichafuka litafuliwa, na likifuliwa litakuwa shati kama mashati mengine.

Nilipoingia ukumbini niliona watu wanavyonitazama. Kwa miaka yote hapa hawakuwahi kuniona nimekunjamana. Msaidizi wa Mkuu alijitolea kuniazima koti kwa ajili ya picha. Nilimwambia shati hili linatosha.

Mkuu alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema mimi ni mfano wa mwananchi mzalendo. Alisema, na watu wakatulia kusikiliza, "Tangu mzee wetu akabidhiwe daraja na kulitia kufuli, hakuna mhamiaji haramu hata mmoja aliyepita pale. Hata mmoja. Na hii inaonyesha kwamba wananchi wakishirikiana na..."

"Samahani, Mkuu," nikasema. "Nakukatiza."

Alinyanyua kidole kwa upole ule ule. Safari hii sikukitazama.

Nilisema ni kweli hakuna aliyepita, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilisema alipita kwenye mawe, ambako hakuna askari, wala ofisi, wala mzee wa kujitolea. Nikayasema yote:

"Ulituambia serikali ni sisi. Nimekubali. Basi naiuliza ile serikali nyingine, ile yenye magari na mihuri: kulinda mpaka ilikuwa kazi ya nani? Kama ilikuwa kazi yangu, mwanamke huyu nimemwua mimi, nikamateni. Kama ilikuwa kazi yenu, mlikuwa wapi?"

Redio alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa.

Mkuu alinijia, akaniwekea mkono begani. "Mzee wetu amechoka," akawaambia watu. "Msimu umekuwa mrefu. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, wengine wamesimama. Nililetewa cheti katika fremu ya kioo, na mtu wa gazeti akaniambia niangalie huku.

Jumanne, 26 Mei

Asubuhi Redio alikuja kuniita. Binti ya Dobi alikuwa darajani, upande wake wa bomba, na Sajini hakuweza kumruhusu. Ofisi ya vibali imefunguliwa sasa, lakini muhuri bado haujaletwa.

Nilikwenda. Alinisalimu kwa utaratibu wote, akaniuliza kama nimelala salama, kama kifua hakinisumbui. Sikuona mahali pa kuweka maneno yangu ya kuomba msamaha. Kila nilipoanza, aliuliza habari nyingine. Mwishoni akasema amekuja kwa jambo dogo tu: pasi ya mama yake. Amerithi wateja wa upande wao, na pasi hana.

Nilirudi nyumbani nikaitoa nyuma ya mlango wa jiko. Ni nzito kweli. Niliibeba kwa mikono miwili hadi darajani, nikainyanyua kuipitisha juu ya bomba. Sajini akaweka mkono wake katikati. Akasema anasikitika, lakini chuma nacho ni bidhaa, na bidhaa ina utaratibu wake. Nilimwambia ni pasi ya mkaa. Akasema anaona kwamba ni pasi ya mkaa, lakini yeye hajapewa mamlaka ya kuona. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Naye amepewa ufunguo wa kufunga tu.

Binti alitutazama sote wawili, wanaume wawili wanaoshikilia pasi moja juu ya bomba. Hakupandisha sauti.

"Basi baki nayo, baba mkubwa," akasema. "Ujifunze."

Akageuka, akaondoka bila kunyanyua mkono.

Alasiri niliwasha mkaa. Sikuwa najua kwamba pasi ikishapata moto haitakiwi kuachwa mahali pamoja wakati mtu anafikiri. Ukosi wa shati umeungua, alama ya kahawia yenye ncha, na moshi umeingia hadi sebuleni kwenye saa. Lile lililo kwenye hanga sikuligusa. Hili lenye alama ya moto ndilo nitakalovaa kesho nikipita mbele ya kizuizi, na yeyote akiniuliza, sitaomba radhi.